KURUDI KATIKA MBIO: PUMZI INATANGULIA, MGUU UNAFUATA



Tangu tulipoanza tena masomo, wengi wanakuja kutuuliza, sisi wa darasa la mwisho tuliopewa kazi ya kusimamia wanafunzi: "Mbio zitaanza lini?" Swali ni zuri na linatufurahisha. Lakini kuko swali lingine linalopaswa kutangulia: mwili uliokaa miaka miwili ao mitatu pasipo kukimbia, unarudi namna gani katika mbio? Hilo ndilo tunataka kueleza hapa. Tumesoma, tumeuliza mwalimu wa biolojia na mwalimu wa michezo, na tumeangalia kwa macho yetu yale yanayotokea kiwanjani. Juma lililopita vijana wawili waliondoka pale wakichechemea, na wote wawili walikuwa watu wa mbio zamani. Kwa hiyo tusingoje wafike kumi.

JUU YA NINI TULIACHA

Kila mmoja anajua sababu yake. Mwezi wa pili wa mwaka 2024, mapigano yalipofika upande wa Sake, familia nyingi za huku zilibeba magodoro na watoto, zikaenda kando ya Goma. Wengine walikaa Bulengo, wengine Lushagala, wengine kwa ndugu zao mjini. Mwanzoni mwa 2025 zile kambi zilivunjwa na watu wengi wakaanza kurudi vijijini. Katika miezi ile yote nani alifikiri mazoezi? Kambini hakuna kiwanja. Kuko mahema yaliyobanana juu ya mawe ya volkano, kuko foleni ya maji, na kuko siku ambazo chungu hakipandi jikoni. Hata wale ambao hawakutoka waliacha mbio, sababu wakati ule mtu akionekana anakimbia barabarani, kijiji kizima kinashtuka na kuuliza: "Kuko nini?"

Lugha yetu yenyewe inajua hayo. Kwa neno moja, kukimbia, tunapata mkimbizi, tena tunapata mkimbiaji. Mkimbizi anakimbia sababu kuko kitu nyuma yake. Mkimbiaji anakimbia sababu ametaka mwenyewe, na anasimama wakati anapotaka. Wengi wetu tumekuwa wa kwanza, sasa tunataka kuwa wa pili. Inawezekana, lakini si kazi ya siku moja.

Kwamba inawezekana, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta shahidi. Makorobondo Salukombo ni mtoto wa Kirotshe hii. Familia yake ilikimbia vita, ikapitia Uganda, ikafika Marekani katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Kule alikimbia kwa jina la shule yake ya sekondari, kisha kwa chuo cha Denison. Alipomaliza hakusahau kwao: alianzisha Project Kirotshe, mradi wa kusaidia vijana wa huku kwa mbio na kwa masomo. Mwaka wa 2016 alikimbia maratoni ya Olimpiki kule Rio, kilometa 42 na meta 195, akivaa rangi za nchi yetu. Katika michezo ileile Beatrice Kamuchanga, binti aliyefanya mazoezi na ule mradi, alikimbia meta 5000. Basi njia hizi zetu za vumbi kando ya ziwa zimekwisha kutoa watu wa Olimpiki. Zitaweza kutoa wengine, kama miguu haitaharibika mbele ya wakati.

MWILI UMEPOTEZA NINI

Mtu akiacha kukimbia, mwili hauweki ile nguvu katika sanduku na kuingoja. Mwili ni kama mama wa nyumba mwenye akili: kitu kisichotumika hakilishwi. Lakini vitu havipotei vyote siku moja, wala havirudi vyote siku moja.

Kwanza inapungua damu. Mtu wa mbio yuko na damu nyingi kidogo kuliko mwingine, hasa sehemu ile ya majimaji. Akisimama kufanya mazoezi, katika majuma mawili ya kwanza sehemu ile imekwisha kupungua. Moyo unapokea damu kidogo, kwa hiyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, na unalazimika kupiga mara nyingi zaidi. Ndiyo maana aliyekaa muda anapanda kilima kifupi na moyo unapiga ngoma.

Ya pili ni nyama za miguu. Ndani yake muko vyumba vidogo sana vinavyoitwa mitokondria, ambavyo mwalimu alituchorea ubaoni. Ni kama majiko: ndani yake chakula na hewa vinageuka nguvu. Mtu wa mbio yuko na majiko mengi, na mishipa midogo mingi ya kuyaletea damu. Akikaa miezi, majiko yanapungua.

Ya tatu ni kano, zile kamba ngumu zinazofunga nyama kwa mfupa, kama ile kubwa iliyo nyuma ya kisigino. Ya ine ni mifupa yenyewe. Wengi wanafikiri mfupa ni kama jiwe. Hapana. Mfupa ni kitu hai. Ukiupa kazi, unaongezeka nguvu. Ukiunyima kazi, na tena ukiunyima chakula, unapoteza nguvu.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote katika maelezo haya. Damu inarudi upesi, katika siku chache na majuma machache ya mazoezi. Majiko ya nyama yanahitaji kama majuma sita mpaka nane kuongezeka vizuri. Lakini kano na mifupa vinahitaji miezi. Pumzi inatangulia, mguu unafuata nyuma sana.

PUMZI INADANGANYA

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Juma la kwanza mtu anateseka, anahema, anatema mate. Juma la pili pumzi inatulia kidogo. Juma la tatu ao la ine anajisikia vizuri sana. Anasema: "Sasa nimerudi! Leo nafika Sake bila kupumzika." Anakimbia kweli, na anafika. Juma linalofuata anarudia, tena anaongeza. Kisha siku moja anaamka na maumivu mbele ya mfupa wa chini ya goti, ao katika mguu karibu na vidole, na hawezi tena kukanyaga vizuri.

Juu ya nini? Fikirini nyumba zetu za mbao. Ubao ukioza, fundi haweki mpya juu ya mbovu. Anang'oa kwanza ule wa zamani, na kwa muda fulani ukuta uko wazi. Mfupa unafanya vilevile. Unapoona kazi mpya imeanza, kwanza unaondoa sehemu za zamani, na kisha unajenga mpya zilizo ngumu zaidi. Kazi ile kuimaliza inadai kama miezi mitatu ao mine. Katikati yake, kwa majuma kadhaa, mfupa uko dhaifu kuliko mbele ya kuanza. Na ni wakati uleule pumzi imekwisha kurudi na inatuambia: ongeza mwendo! Kwa hiyo pumzi inadanganya. Haisemi uongo juu yake yenyewe, lakini inasema juu ya mguu maneno isiyoyajua.

Jambo hili si jipya. Mwaka wa 1855 mganga mmoja wa jeshi la Prusia, jina lake Breithaupt, aliandika juu ya askari wapya waliovimba miguu kisha kutembezwa safari ndefu. Wakati ule hakukuwa na mashine ya kupiga picha ndani ya mwili. Baadaye picha zilipopatikana, waganga waliona kwamba ni mifupa midogo ya mguu iliyopasuka, si kwa kuanguka, ila kwa hatua nyingi zilizokuja upesi mno. Vijana wale walikuwa na nguvu. Walikosa wakati tu.

Wengine watajibu: "Sisi siyo askari wapya. Kila siku tunapanda milima, tunabeba bidoni ya maji, tunalima. Kukimbia kutatushinda nini?" Ni kweli kwamba kazi hizo zinatusaidia, na mtoto wa Masisi anaanza mbali kuliko mtoto aliyezoea kukaa ndani ya gari. Lakini kutembea si kukimbia. Anayetembea yuko na mguu mmoja chini kila wakati. Anayekimbia anaruka: kuko nafasi ndogo ambayo miguu yote miwili iko hewani, kisha mmoja unashuka peke yake na kupokea uzito unaozidi mara mbili ya mwili wake. Mwanafunzi wa kilo 50 anapokea kwa kila hatua zaidi ya kilo 100, yaani gunia kubwa la maharagi. Na kwa dakika moja anapiga kama hatua 160. Kwa dakika 30 ni hatua 4800. Hebu hesabuni magunia.

TUSIPIME MIGUU YETU KWA MIGUU YA WENGINE

Kuko kijana atakayesema kwamba mabingwa wanarudi upesi. Tuangalie basi mabingwa wenyewe.

Henry Rono wa Kenya, mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi ine za dunia kwa siku 81 tu: meta 5000, meta 3000 za kuruka vizuizi, meta 10000 na meta 3000. Olimpiki ya 1976 na ya 1980 zilimpita, sababu nchi yake haikushiriki. Akaingia katika pombe, mwili ukawa mzito. Mwaka wa 1981 alirudi katika mbio za Ulaya akashindwa na watu ambao zamani asingewaona mbele yake. Hakuona haya kushindwa. Aliendelea, na wakati wake ukapungua kidogo kidogo, mpaka tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka ule, pale Knarvik, inchi ya Norwe, alikimbia meta 5000 kwa dakika 13 na sekunde 6.20. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia.

Ni jambo la ajabu. Lakini kumbukeni kwamba Rono alikuwa na miaka mingi ya mbio kubwa chini yake, na kwamba aliendelea kukanyaga viwanja hata katika siku zake mbaya. Nyumba yake ilikuwa na msingi. Alikuwa anapaka rangi tena. Wengi wetu tuliacha mbio tukiwa na miaka kumi na mine ao kumi na mitano, wakati mifupa ilikuwa ingali inakua. Sisi tunajenga, hatupaki rangi. Tena ile pombe haikumwacha Rono. Ilimshika miaka mingi kisha ile rekodi, ikamnyang'anya karibu yote aliyopata, mbele ya kuishinda. Alikufa mwaka wa 2024.

Wasichana tunawapa mfano wa Faith Kipyegon, yeye pia wa Kenya. Alipata medali ya zahabu ya meta 1500 kule Rio mwaka wa 2016. Mwezi wa 6 wa 2018 alizaa mtoto. Mwaka wa 2019 alirudi katika mashindano ya dunia kule Doha, akapata nafasi ya pili. Zahabu ya Olimpiki ilirudi mikononi mwake mwaka wa 2021 kule Tokyo, ikafuatwa na nyingine ya Paris mwaka wa 2024. Mwaka wa 2023 alivunja rekodi ya dunia kule Florence, na mwezi wa 7 wa 2025 akaivunja tena, dakika 3 na sekunde 48.68. Watu wanashangilia rekodi. Sisi tunaomba mwangalie tarehe. Kutoka mtoto mpaka zahabu ni miaka mitatu, na katikati yake kuko mwaka wa kukubali kuwa wa pili.

SHERIA YA KUZUNGUMZA

Sasa mwendo gani unafaa? Kuko mtu wa Nyuzilandi aliyeitwa Arthur Lydiard. Wakimbiaji aliowafundisha, Peter Snell na Murray Halberg, walishinda zahabu siku moja katika Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960, mmoja meta 800, mwingine meta 5000. Lydiard aliwajenga kwanza kwa mwendo mrefu wa kiasi, miezi mingi, mbele ya kuwapa mbio za kasi. Kisha akaona kwamba hata wazee ambao hawajawahi kuwa mabingwa wanaweza kupata nguvu kwa njia ileile, kama wakikimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza.

Bill Bowerman, mwalimu wa mbio kutoka Oregon, Marekani, alimtembelea karibu na mwisho wa 1962. Huyu Bowerman alifundisha wengine, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameacha mazoezi. Walipomtoa kukimbia pamoja na watu wa pale, alibaki nyuma, na mzee aliyemzidi umri sana akamngojea na kumsindikiza. Alijifunza neno. Akarudi kwao akaanza kufundisha watu wa kawaida mwendo ule wa polepole, na mwaka wa 1967 akatoa pamoja na daktari wa moyo kitabu kinachoitwa Jogging.

Sheria yenyewe ni hii: ukikimbia, uweze kusema na mwenzako sentensi nzima pasipo kukatika. Ao useme mstari uliokariri, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, mwendo ni mkubwa mno kwako leo. Punguza, hata kama watoto wa darasa la saba wanakupita. Mwenda pole hajikwai.

MPANGO WA MAJUMA KUMI NA MAWILI

Tunapendekeza siku tatu kwa juma: siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya posho. Siku za katikati ni za kupumzika, sababu mwili unajenga wakati wa kupumzika, si wakati wa kukimbia. Siku ya Mungu tunaijua wote. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5 na maliza kwa kutembea dakika 5.

Juma la 1 na la 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 4. Rudia mara 5.
Juma la 3 na la 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 3. Rudia mara 5.
Juma la 5 na la 6: kimbia dakika 3, tembea dakika 2. Rudia mara 6.
Juma la 7 na la 8: kimbia dakika 5, tembea dakika 1. Rudia mara 5.
Juma la 9 na la 10: kimbia dakika 10, tembea dakika 1. Rudia mara 3.
Juma la 11 na la 12: kimbia dakika 25, kisha 30, pasipo kusimama.

Asiye na saa ahesabu mguu wa kuume tu: ukikanyaga mara 80, dakika moja imepita karibu. Wakati wa kutembea, mwenzake mwenye saa ao simu amsaidie. Juma likikushinda, lirudie, si aibu. Lakini juma likikupendeza sana, usiruke moja. Hasa juma la 3 mpaka la 6, wakati pumzi inaanza kujisifu, hapo ndipo tunaomba mtu ajishike.

Wiki hizo zote tubaki pahali pa tambarare, kiwanjani na barabara ya kando ya ziwa. Milima tunaipenda, lakini ingoje. Kupanda kunachosha moyo, na kushuka kunaumiza nyama, sababu nyama za mapaja zinavutwa zikiwa zinazuia mwili usianguke. Anayeshuka mbio siku ya kwanza atapanda ngazi za darasa kesho yake kama mzee. Na kasi nayo ingoje mpaka majuma kumi na mawili yaishe.

Kila mmoja awe na daftari ndogo. Aandike tarehe, dakika, na namna alivyojisikia. Kama anaweza, asubuhi mbele ya kutoka kitandani ahesabu mapigo ya mkono kwa nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Akizoea kuona 64 na leo anaona 76, mwili unamwambia kuko kitu: uchovu, usingizi mdogo, ao homa inakuja. Siku ile apumzike.

MAUMIVU YA NAMNA MBILI

Maumivu ya kwanza ni ya nyama. Yanakuja kesho yake ao kesho kutwa, yako katika miguu yote miwili, yametawanyika, na ukitembea kidogo yanapungua. Hayo hayaogopeshi.

Maumivu ya pili ni ya pahali pamoja. Unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Yako katika mguu mmoja, yanaongezeka ukiendelea kukimbia, na wakati mwingine yanaamsha mtu usiku. Hayo ni ya mfupa ao ya kano. Hapo mtu aache kukimbia siku ileile, amwambie mwalimu wa michezo, na kama hayaishi kwa siku chache aende hospitali ya Kirotshe waangalie. Kuvumilia hapa si ushujaa. Mfupa uliopasuka kidogo unapona kwa majuma sita ao nane ya kupumzika. Ukiendelea kuukanyaga unaweza kuvunjika kabisa. Mguu ule hautakosa mbio tu. Utakosa shamba, utakosa maji, utakosa masomo, na mama nyumbani ndiye atakayelipa.

CHAKULA, MAJI NA HOMA

Hili tunalisema kwa heshima, sababu tunajua hali ya nyumba nyingi. Anayejenga ukuta anahitaji mbao. Mwili nao hauwezi kujenga nyama na mfupa kwa tumbo tupu. Maharagi, sambaza, sombe, lengalenga, viazi, maziwa yakipatikana, hivyo vyote ni chakula cha mkimbiaji kizuri sana. Sambaza hasa tuwale pamoja na mifupa yao, sababu ndimo muko ile kalisiamu inayojenga mifupa yetu. Lakini ambaye hakula jana mangaribi na hakula asubuhi, leo asikimbie. Aje atembee pamoja nasi. Hakuna atakayemuuliza sababu, na tunaomba wote tulinde hilo.

Maji ni ya kunywa mbele na nyuma, maji safi, yaliyochemshwa ao kutiwa dawa. Kipindupindu tunakijua huku. Asiwepo wa kuinamia ziwa na kunywa kwa mikono.

Aliye na homa asikimbie hata dakika moja. Kisha malaria damu imepungua nguvu, kwa hiyo hata homa ikiisha, apumzike juma moja ao mawili, na arudi nyuma katika mpango. Msichana anayesikia kizunguzungu, ambaye anachoka upesi na macho yake yanakuwa meupe ndani, aende kupimwa damu. Si uvivu. Mara nyingi ni upungufu wa damu, na uko na dawa.

Viatu: anayevipata avae. Anayekimbia pekupeku tangu utoto aendelee kwenye majani ya kiwanja, asiende kwenye mawe makali. Kandambili siyo viatu vya mbio, zinafanya vidole vishike na mguu ugeuke.

USALAMA NJIANI

Neno hili halimo katika vitabu vya Nyuzilandi ao vya Oregon, lakini kwetu linapita yote. Mapigano yameacha vyuma mashambani na vichakani. Basi hakuna kukata njia, hakuna kuingia porini, hakuna kufuata mpira majanini pahali pasipojulikana. Tunakimbia tu pale watu wanapokanyaga kila siku. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikipige jiwe. Rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie mtu mkubwa.

Tunakimbia kwa kundi, mchana, tumevaa nguo za michezo za shule. Hakuna msichana wala mvulana anayetoka peke yake. Tukikutana na wazee tunapunguza mwendo na kusalimia, tuwaache waone kwamba ni wanafunzi wanacheza, wasishtuke. Penye kizuizi barabarani tunatembea, hatukimbii. Ni vizuri watu wa huku waanze tena kuona watoto wanakimbia na wasiulize kuko nini.

MWISHO

Tutaanza siku ya kwanza ijayo, saa tisa na nusu, kiwanjani. Wasichana na wavulana, wa darasa la saba mpaka wa darasa la mwisho, na mwalimu anayetaka kuja anakaribishwa. Tutamwekea mwendo wake. Wenzetu wawili wanaochechemea watakuja vilevile, watashika saa na kuandika majina mpaka wapone. Kila mtu alete daftari na chupa ya maji. Wale waliokuwa wa mbio zamani tunawaomba jambo moja zaidi: siku ile mkimbie dakika moja na kutembea ine kama wengine, ili wadogo waone kwamba hakuna aibu.

Wanaotayarisha egzama ya serikali wasiogope kwamba watapoteza wakati. Ni kama dakika arobaini, mara tatu kwa juma, na usiku wake mtu analala vizuri.

Maswali mtupe kwa maandishi ao kwa mdomo. Tutajibu katika toleo linalofuata, na mwisho wa majuma kumi na mawili tutaandika hapa ni wangapi walifika, na ni wangapi walifika na miguu mizima. Hesabu hiyo ya pili ndiyo tunayoingoja zaidi.

Mungu awalinde, na tuonane kiwanjani.